Kamera ikae mgongoni, keria iachie tripodi: jibu kwa mpigapicha anayesafiri kwa baiskeli

Ndugu muulizaji,

Umeniandikia kwamba kila wiki unaendesha baiskeli kilomita 12 kabla ya mapambazuko kwenda bwawani kupiga picha za ndege, na kwamba karibu nusu ya njia hiyo ni changarawe. Kamera yako, ikiwa imeungwa na lenzi ndefu ya kukuza ya milimita 150-600, hukaa ndani ya begi la kamera lenye jina la kampuni iliyoitengeneza, na begi hilo unalifunga juu ya keria kwa mipira. Sasa lenzi imeanza kugongagonga ndani ukiitikisa, picha zako hazina ukali uleule pembeni, na mara mbili umeona pikipiki ikikufuata polepole kabla hujafika bwawani. Unauliza kamera ikae wapi, ifichwe vipi, na ikingwe vipi na mvua.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Kamera na ikae mwilini mwako, chini mgongoni karibu na kiuno, ikiwa imebanwa hata isiweze kucheza. Lenzi ndefu iwe imetenganishwa na kamera. Na vyote viwe ndani ya begi ambalo mtu akiliona atadhani lina nguo za kubadilisha tu. Keria iachie tripodi, koti la mvua na pampu. Utaona katika maelezo yanayofuata kwamba swali lako la kwanza na la pili kwa kweli ni swali moja, kwa sababu mzigo mdogo, uliobanwa na usiotikisika, ndio huohuo usiovuta macho ya watu.

Nianze na mtikisiko, kwa kuwa ndio uliokwisha kukuumiza. Waendeshaji wengi huogopa kuanguka, na wana haki ya kuogopa, lakini kwa miaka yote niliyobeba kamera kwa baiskeli nimeona vifaa vingi zaidi vikiharibiwa na mtetemo kuliko vilivyoharibiwa na ajali. Ajali hutokea mara moja na unaijua. Mtetemo hutokea maelfu ya mara katika safari moja na hauachi hata mkwaruzo kwenye ganda la kamera. Hebu piga hesabu ya njia yako mwenyewe. Ukienda kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, unapita mita 5 kila sekunde, na ikiwa changarawe inakupa kigongo kimoja kila baada ya sentimita 10, basi keria inapigwa mara 50 kwa sekunde. Kwa kilomita 6 za changarawe hayo ni mapigo 60,000, tena kwa safari ya kwenda tu. Siku moja muombe mwenzako aisukume baiskeli yako juu ya changarawe hiyo huku wewe umeweka kiganja juu ya keria tupu. Utahisi mapigo yake vidoleni, na hapo utaelewa kile ambacho lenzi yako imekuwa ikikivumilia.

Sababu yake si ngumu. Keria imefungwa kwa bolti kwenye fremu, karibu kabisa na ekseli ya gurudumu la nyuma, chuma kwa chuma, na kati ya mzigo na kokoto hakuna kitu laini isipokuwa upepo ulio ndani ya tairi. Mwili wa mwendeshaji uko tofauti: magoti, nyonga na viwiko hukunjuka na kukunjika bila wewe kuviamuru, na ukiinuka kidogo kutoka kwenye kiti unapopita mahali pabaya, sehemu kubwa ya pigo huishia miguuni. Hakuna sponji ya dukani inayofanya kazi hiyo vizuri kama misuli yako inavyoifanya.

Ndani ya lenzi kama yako mna vipande vya kioo vipatavyo 20, vimepangwa katika makundi, na makundi hayo hushikwa na skrubu zilizo ndogo kama punje ya mtama. Skrubu moja ikilegea robo mzunguko, kundi zima la vioo linaweza kuinama kwa kiasi ambacho jicho halikioni, lakini picha itakionyesha, kwa kuwa pembe moja itabaki kali na nyingine itakuwa kama imepakwa maziwa. Hili nimelilipia mwenyewe. Lenzi yangu ya kwanza ya kukuza niliibeba kwenye keria miezi minane, ndani ya sanduku nililoliamini kwa sababu lilikuwa gumu. Fundi alipoifungua mbele yangu na kuiinamisha juu ya sahani nyeupe, zilidondoka skrubu tatu nyeusi, na moja yao ilikuwa imekwisha kuchora kioo cha ndani mkwaruzo mwembamba wenye umbo la mwezi mchanga. Lile sanduku gumu liliihifadhi lenzi na kugongwa, lakini kila tetemeko la keria lililipitisha ndani kama lilivyokuja.

Kuna jambo jingine ambalo wapigapicha wa zamani hawakuwa nalo. Lenzi nyingi za sasa zina mfumo wa kutuliza picha, yaani kundi la vioo linaloelea likishikwa na sumaku, na kamera nyingi zisizo na kioo cha kuakisi zina sensa, yaani kile kipande kinachopokea picha, inayoelea kwa namna hiyohiyo. Umeme ukizimwa, katika aina nyingi sehemu hizo hubaki huru kucheza. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwa watumiaji wa simu zake kwamba mtetemo mkali, hasa wa injini za pikipiki zenye nguvu unaopita kwenye fremu na usukani, unaweza kudhoofisha mifumo ya kamera ya kutuliza picha na ya kulenga. Baiskeli haina injini, lakini changarawe ya dakika 20 kila wiki si jambo la kupuuzwa, na ndiyo sababu mimi simu yangu siifungi kwenye usukani ninapotoka nje ya lami, hata kama ninahitaji ramani.

Kwa hiyo usiihukumu lenzi yako kwa sauti peke yake. Huenda unachokisikia ni mfumo wa kutuliza picha ambao umelegea kwa kuwa umeme umezimwa, na hilo si kosa. Iunge lenzi na kamera, iwashe, bonyeza kitufe nusu ili mfumo uamke, kisha uigeuze taratibu ukiisikiliza. Ikinyamaza, una sababu ya kupumua. Ikiendelea kugonga, piga picha za kitu kimoja chenye maandishi kilicho mbali, kamera ikiwa juu ya tripodi na tundu la lenzi likiwa limefunguliwa kabisa, ukikiweka kitu hicho katika kila pembe ya fremu kwa zamu na kulenga upya kila mara. Pembe tatu zikiwa kali na moja ikawa hafifu, kundi la vioo limehama. Hapo ipeleke kwa fundi wa lenzi, na usijaribu kukaza mwenyewe, maana baadhi ya makundi hayo huwekwa sawa kiwandani kwa vipimo vidogo sana, na mtu anayekaza bila kupima huzidisha kasoro aliyotaka kuiondoa.

Sasa tuje mahali pa kuibebea. Begi la mgongoni unalolihitaji ni fupi, lisilopita mabega kwa juu, lenye mkanda wa kiunoni unaobeba uzito kwelikweli na mkanda wa kifuani unaozuia mikanda ya mabega isifunguke. Uzito ukikaa juu, karibu na shingo, kila ukikata kona utahisi unavutwa upande. Ukikaa chini, karibu na nyonga, baiskeli haiuhisi. Lenzi za aina yako huwa na uzito wa takriban kilo 2, na ukiongeza kamera na betri unakaribia kilo 3, ambazo kwa maoni yangu ndizo kikomo cha mgongo kwa safari ya saa moja bila uchovu unaoharibu umakini barabarani. Kwa mtu mwenye kamera ndogo na lenzi fupi, mkoba wa kiunoni uliogeuzwa nyuma ni bora hata kuliko begi la mgongoni, kwa kuwa mgongo unapata hewa na mkoba unaweza kuzungushwa mbele bila kushuka. Mkoba wa bega moja nao unafaa, mradi uwe na mkanda wa pili mfupi unaopita chini ya kwapa au kuzunguka kiuno. Bila mkanda huo utafika siku ukafunga breki ghafla, mkoba ukateleza kutoka mgongoni hadi mbele ya goti, na goti likaupiga wakati unahitaji mikono yote miwili kwenye usukani.

Tenganisha lenzi na kamera kila safari, hata kama inakuudhi kuziunga tena gizani. Lenzi ya kilo 2 iliyoning'inia kwenye pete ya kamera ni kama mtaimbo: kila pigo linaukuzia nguvu ule mwisho wake, na inayoumia ni pete, pamoja na skrubu nne au tano zinazoishika. Lenzi fupi na nyepesi unaweza kuiacha imeungwa, lakini hakikisha kamera haisimami juu ya kioo cha mbele cha lenzi hiyo. Uzito ubebwe na mbavu za begi, mbele ya lenzi pakiwa na nafasi ya upana wa kidole.

Kuhusu kuanguka nina neno moja ambalo naomba ulizingatie kuliko yote. Mwendeshaji wa baiskeli huanguka zaidi kwa ubavu, lakini ipo siku atakayoanguka chali, na siku hiyo kitu kigumu kilicho kati ya ardhi na uti wa mgongo kinaweza kumlemaza. Usiilaze lenzi, tripodi wala kufuli katikati ya mgongo. Kunja koti au taulo nene uliweke kama ukuta upande unaogusa mgongo, kisha lenzi isimame upande mmoja wa uti na kamera upande wa pili, zikitenganishwa na nguo. Ubaya wa mpangilio huu ni kwamba unachukua nafasi, lakini nafasi hiyo ni bora kuliko lenzi mbili za ziada ambazo hungezitumia.

Sponji nayo ina mambo yake. Ile laini ya mito na magodoro hubonyea hadi mwisho kwa pigo la kwanza na haibakizi kinga. Tafuta ile ngumu kiasi, yenye vitundu vilivyofungwa, ya aina inayotumika kutengenezea mikeka ya kulalia wapanda milima. Haifyonzi maji na hurudi katika umbo lake. Ikate ilingane na kamera yako sawasawa, kwa sababu nafasi tupu ndani ya begi ni hatari kuliko sponji nyembamba. Ukishapakia, funga zipu, shika begi kwa mikono miwili ulitikise karibu na sikio. Ukisikia chochote, fungua uongeze soksi au shati.

Ikiwa mgongo wako hauruhusu mzigo, mahali pa pili ni mkoba wa usukani. Mwisho wa mbele wa baiskeli hubeba uzito mdogo kuliko wa nyuma, mikono yako hupoza sehemu ya mapigo, na kamera iko mbele ya macho yako muda wote. Hata hivyo usukani mzito huchelewa kugeuka na huyumba ukishuka mlima, kwa hiyo huko nisingeweka zaidi ya kamera moja na lenzi fupi. Na popote utakapoiweka, punguza upepo wa tairi ufikapo kwenye changarawe, bila kushuka chini ya kiwango cha chini kilichochapwa ubavuni mwa tairi. Wengi hujaza tairi hadi liwe gumu kama jiwe wakidhani ndiyo kasi; tairi pana lenye upepo wa kiasi hukinga kamera kuliko begi la gharama, na ni jambo linalofanyika kwa dakika moja.

Hilo la pikipiki nimelisoma mara mbili, na nakuomba ulipe uzito. Begi lenye jina la kampuni ya kamera ni tangazo linalosomeka kutoka nyuma, na likiwa juu ya keria liko mahali pekee ambapo wewe huwezi kuliona na mtu mwingine anaweza kulifikia. Mipira ya kufungia mizigo hufunguka kwa mkono mmoja. Ukisimama kupisha gari, aliye nyuma yako anahitaji sekunde chache tu. Kwa hiyo begi la kampuni liache nyumbani. Chukua begi la kawaida, lililofifia rangi, ambalo ungelibeba hata kama ungekuwa unakwenda kufanya mazoezi, uliwekee kifuko cha sponji ndani. Mkanda wa shingoni uliokuja na kamera, wenye maandishi makubwa ya rangi, uondoe uweke mweusi usio na neno.

Haya si mambo mapya. Henri Cartier-Bresson, mpigapicha wa Ufaransa, alizifunika sehemu zinazong'aa za kamera yake ya Leica kwa utepe mweusi ili aweze kukaa kati ya watu bila kutambuliwa, na utepe huohuo leo unafunika jina la kampuni mbele ya kamera yako kwa kazi ya nusu dakika. Bill Cunningham, aliyepiga picha za mavazi ya watu wa mitaani kwa ajili ya gazeti la The New York Times hadi alipofariki mwaka 2016, alizunguka New York kwa baiskeli akiwa amevaa koti la bluu la wafanyakazi wa Ufaransa, siku zote la aina ileile. Baiskeli aliibiwa nyingi, lakini vazi lake na mwendo wake vilimfanya mtu wa kawaida katika jiji ambalo kila mtu alikuwa anatazamwa. Napenda kumkumbuka kwa sababu hakujificha. Alionekana kila siku, ila hakukuwa na kitu cha kumtazamia.

Mahali unapofungulia begi pana uzito kuliko begi lenyewe. Mtu anayekufuata hana haja ya kukisia ikiwa jana alikuona umeketi kando ya barabara ukibadilisha lenzi na kuzipanga juu ya nyasi. Fungua begi mara moja tu, ukiwa umefika, ukiwa umeshatazama nyuma yako kwa dakika mbili au tatu bila kushughulika na kitu. Ukirudi, funga kila kitu hukohuko ulikofungulia, na kadi yenye picha itoe uitie kwenye mfuko wa ndani wa suruali, mbali na kamera, kwa kuwa kamera inaweza kununuliwa tena lakini asubuhi ile hairudi. Nambari ya utambulisho ya kamera na ya lenzi ziandike na uzipige picha, uzihifadhi mahali pengine. Bila nambari hizo ni vigumu kuthibitisha kwamba kifaa kilichopatikana ni chako. Nawe ukiegesha baiskeli, begi lishuke nawe, hata kama unaingia mahali kwa dakika moja.

Badilisha pia saa na njia. Safari ya siku ileile, saa ileile na njia ileile inaweza kujulikana na mtu yeyote mwenye subira, na siku hizi hata subira haihitajiki, kwa kuwa waendeshaji wengi hurekodi safari zao katika programu za mazoezi na kuziacha wazi kwa umma. Mwezi Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya dunia iliyotolewa na programu ya Strava, iliyochora njia za watumiaji wake kwa mistari inayong'aa, ilikuwa inaonyesha umbo la kambi za kijeshi ambamo askari walikuwa wakifanya mazoezi ya kukimbia na kuendesha baiskeli. Ikiwa kambi ya jeshi ilijulikana hivyo, nyumba yenye kamera itajulikana kwa urahisi zaidi. Fungua mipangilio ya programu unayoitumia, ficha mwanzo na mwisho wa safari zako, na picha za bwawani usizirushe hadi utakapokuwa umefika nyumbani. Kumbuka pia kwamba faili la picha linaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa na hata nambari ya kamera. Taarifa hizo ziondoe unapolitoa faili hilo hadharani.

Ukiiona ile pikipiki tena, usikunje kuelekea bwawani. Endelea hadi penye watu, simama, tazama upande wao waziwazi, na usiondoke hadi wapite. Mikanda yote ya begi iwe chini ya koti, kwa sababu mnyakuzi hushika kile kinachoning'inia, na mkanda uliozunguka mwili ukivutwa na pikipiki inayokimbia, kinachoangushwa ni wewe. Wakikusimamisha na kudai begi, fungua kifungo cha kifuani ulitoe. Nasema hivi nikijua thamani ya lenzi hiyo kwako.

Kuhusu mvua, begi la kawaida lisilovutia macho mara nyingi halizuii maji, na hilo halina neno, kwa kuwa kinga ya kweli huwekwa ndani. Tumia mfuko usiopitisha maji wenye mdomo wa kukunja, ukunje mara tatu au zaidi kabla ya kufunga kifungo chake, kisha uutie ndani ya begi lako la kawaida. Hartmut Ortlieb, Mjerumani aliyeanzisha kampuni ya mabegi ya baiskeli mwaka 1982, alipata wazo lake kwa kutazama maturubai ya malori wakati yeye mwenyewe akiloweshwa na mvua akiwa safarini kwa baiskeli nchini Uingereza. Kitambaa cha turubai kilichoungwa kwa joto badala ya kushonwa hakina matundu ya sindano ya kupitisha maji, na hilo ndilo la kukagua unaponunua. Ukikuta alama za kimataifa za ukinzani wa maji, IPX4 maana yake ni marashio kutoka pande zote, na IPX7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Kamera inayosifiwa tu kuwa inastahimili hali ya hewa, bila alama yoyote ya namna hiyo, ichukulie kuwa inastahimili manyunyu na si zaidi. Usisahau kwamba maji mengi ya mwendeshaji baiskeli hutoka chini, yakirushwa na tairi la nyuma moja kwa moja mgongoni pale tulipoiweka kamera, kwa hiyo madigadi ndefu ya nyuma ni sehemu ya vifaa vyako vya picha.

Maji ya mvua huyaona. Unyevu huuoni, nao ndio unaozaa fangasi ndani ya lenzi. Jasho la mgongo hupenya begi kwa saa nzima, na kamera iliyokuwa katika baridi ya alfajiri ikiingizwa ghafla kwenye chumba chenye joto hutoa umande juu ya vioo, pengine hata ndani. Ule mfuko uliofungwa unasaidia pande zote mbili, mradi usiufungue mara ufikapo nyumbani. Uache nusu saa au saa nzima hadi vilivyomo vilingane na joto la chumba, umande utatokea nje ya mfuko badala ya kwenye kioo. Weka ndani yake vifuko viwili vya silika yenye rangi inayobadilika inaposhiba unyevu, uvikaushe kwa joto la kiasi kila rangi inapogeuka. Lakini ukishatulia nyumbani, kamera na lenzi zitoe mfukoni na begini, kwa sababu begi lenye jasho lililofungwa kabatini siku sita ni shamba la fangasi. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50 ni mzuri kwa kuhifadhia. Ukizidi 60 kwa muda mrefu, unawaalika fangasi.

Tripodi ndiyo inayofaa keria, kwa kuwa haina kioo. Ilaze kwa urefu wa baiskeli, kichwa kikielekea nyuma, uifunge kwa mikanda miwili yenye vifungo badala ya mipira, na kila mwezi ukaze skrubu za miguu yake, maana mapigo yale 60,000 sasa ni yake. Ncha zote za mikanda zikunjwe na kubanwa. Nilipata kuona mkanda mwembamba wa begi, usiozidi urefu wa kiganja, ukinaswa na spoku za gurudumu la nyuma. Ulijizungusha kwenye kitovu cha gurudumu mara mbili kabla mwendeshaji hajajua, gurudumu likakwama, na alichosikia ni mlio wa tairi likiburuzwa. Lingekuwa gurudumu la mbele, angerushwa juu ya usukani.

Kabla hujaipakia kamera katika mpangilio huu mpya, ufanyie majaribio kwa chupa mbili za maji, moja kubwa mahali pa lenzi na moja ndogo mahali pa kamera, zikiwa na uzito unaokaribiana na wa vifaa vyako. Endesha ile sehemu mbaya kabisa ya changarawe, funga breki kwa nguvu mara mbili, kata kona moja kali, inuka kwenye kiti, kisha simama ufungue begi. Chupa zikiwa zimehama hata upana wa kidole, kaza mkanda wa kiunoni, ongeza nguo kati yake, urudie. Zikikutwa palepale ulipoziweka, mpango umekamilika, na lenzi ikitoka kwa fundi itakuwa na mahali pa kukaa.